Walimu wa Watoto Wadogo Kambini: Historia ya Kazi Yao Tangu 1996



Kila mwaka tarehe 5 Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Walimu. Siku hiyo ilianza kuadhimishwa mwaka 1994, kwa kukumbuka mapendekezo juu ya hali ya walimu yaliyopitishwa mjini Paris tarehe 5 Oktoba 1966. Hapa kambini tumezoea siku hiyo kuwataja walimu wa shule za msingi na sekondari, kwa sababu matunda ya kazi yao yanaonekana: kuna mitihani, kuna vyeti, kuna majina ya waliofaulu yaliyobandikwa ukutani. Walimu wa watoto wenye umri wa miaka mitatu hadi mitano hawana cha kubandika. Kwa sababu hiyo Kamati imeona kuwa ni haki, katika toleo hili la kumbukumbu, kueleza historia ya kazi yao, shida walizozipata, na makosa ambayo sisi wenyewe wa Kamati tuliyafanya. Hatuandiki ili kumlaumu mtu. Tunaandika ili watakaotufuata wasianzie pale tulipoanzia.

Kabla ya kukimbia

Wengi wetu tulitoka Kivu ya Kusini, hasa wilaya za Fizi na Uvira. Nyumbani shule ya watoto wadogo tuliiita "gardienne", neno tuliloachiwa na Wabelgiji. Wenyeji wetu wa Tanzania huiita shule ya chekechea, na wengine kwa utani huiita shule ya vidudu. Kwetu shule hizo zilikuwa jambo la mjini. Mtu alizikuta Bukavu au Uvira, nyingi zikiwa chini ya misheni, au mahali penye makampuni makubwa yaliyowasomeshea wafanyakazi watoto wao. Katika vijiji vya kandokando ya ziwa na vya milimani mtu aliweza kuzeeka bila kuiona hata moja.

Si kwamba watoto wa huko hawakufundishwa. Mtoto wa miaka minne alikuwa na bibi, shangazi, na dada zake wakubwa. Alijifunza kuhesabu kwa kupanga dagaa juu ya mkeka, akajifunza kusema vizuri kwa hadithi na vitendawili vya jioni, na adabu aliipata kwa kutumwa kwa majirani na kurudi na jibu. Ndiyo maana wazee wetu wengi walifika kambini wakiamini kwamba mtoto aliye chini ya miaka sita hana haja ya mwalimu. Hawakuwa wajinga. Walisahau jambo moja tu, kwamba vita vilikuwa vimetuondolea wale waliokuwa walimu. Bibi alibaki njiani, shangazi alivukia upande mwingine, na dada mkubwa sasa alikuwa kwenye foleni ya maji tangu alfajiri.

Uvira ilianguka mwishoni mwa Oktoba 1996, na katika wiki zilizofuata maelfu kwa maelfu ya watu walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na maboti hadi Kigoma. Mwaka huo huo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika wilaya ya Kasulu, na kambi ya Lugufu ikafuata. Vita vya pili, vilivyoanza tarehe 2 Agosti 1998, vilileta wengine. Watoto waliobebwa mgongoni katika safari hizo ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa walimu tunaowaeleza hapa.

Mtoto asiye na ofisi

Hapana budi msomaji aelewe kwanza mpangilio wa kambi ulivyokuwa. Mtoto mchanga alikuwa na mahali pake: alipelekwa kliniki, alipimwa uzito, alichanjwa, na mama alikuwa na kadi. Mtoto wa miaka sita naye alikuwa na mahali pake: aliandikishwa darasa la kwanza. Lakini mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano, aliyekwisha kuacha ziwa na asiyefikia dawati, hakuwa wa ofisi yoyote. Tulipouliza kwa watu wa afya tulielekezwa kwa watu wa elimu, na tulipouliza kwa watu wa elimu tuliambiwa kwamba fungu lao linaanzia darasa la kwanza.

Jambo hili halikutoka kwa ubaya wa mtu. Lilitoka katika sheria na taratibu za wakati ule. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika ibara ya 22, unazitaka nchi ziwape watoto wakimbizi elimu ya msingi sawa na wananchi wao. Kuhusu mtoto ambaye bado hajafikia shule ya msingi ibara hiyo imenyamaza. Hata vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya dharura vilifuata njia hiyo. UNESCO ilikuwa imetengeneza kwa ajili ya Somalia sanduku la mwalimu, lenye chaki, madaftari, kalamu na mwongozo, na mwaka 1994 sanduku hilo likatumika kwa Wanyarwanda, nchini kwao na katika makambi ya Ngara. Sanduku moja lilikuwa la kutosha mwalimu mmoja na watoto 80. Lilikuwa jambo zuri sana, na watoto wengi walisoma kwa sababu yake. Ila lilikuwa la kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto ambaye bado hajui kushika kalamu hakuwa na fungu ndani yake.

Isitoshe, hata dunia ilikuwa imekwisha kusema vingine. Mkutano wa Elimu kwa Wote uliofanyika Jomtien, nchini Thailand, mwezi Machi 1990, ulitamka kwamba kujifunza huanza mtoto anapozaliwa. Wenyeji wetu wa Tanzania, katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995, waliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi. Maneno yalikuwapo, lakini katika mahema yetu hayakuwa yamefika.

Chini ya mti

Katika kijiji chetu cha kambi shule ya watoto wadogo haikuanzishwa na mradi. Ilianzishwa na foleni. Siku ya mgao mama alitoka asubuhi na kurudi jioni, na watoto walibaki peke yao ndani ya turubai. Wengine walimfuata mama na kupotea katika umati. Wengine walichezea moto. Mama mmoja, aliyekuwa amefundisha "gardienne" huko nyumbani, alianza kuwakusanya watoto wa majirani zake chini ya mti. Siku ya kwanza walikuwa kumi na kitu. Baada ya mwezi hakuweza tena kuwahesabu bila kuwapanga mistari.

Wazazi walimpa watoto ili awachunge, si ili awafundishe. Yeye alipokea kazi ya kuchunga, akafundisha ndani yake. Aliwaambia wenzake walioanza kumsaidia, "Tukisema tunafundisha watatuuliza vyeti. Tuseme tunachunga." Kwa miaka kadhaa kazi hiyo iliitwa hivyo, kuchunga, na jina hilo lilikuja kuwagharimu walimu, kama tutakavyoeleza.

Shida ya kwanza ilikuwa idadi. Mwalimu mmoja mwenye watoto mia moja wa darasa la nne anaweza kuandika ubaoni akawaambia wanakili. Mwenye watoto mia moja wa miaka minne hana ubao wa kumwokoa. Mmoja anataka kujisaidia, mwingine amesinzia, mwingine analia akimtaka mama, na mwingine amekwisha kuondoka akifuata mbuzi. Walimu wetu walitumia kamba ndefu yenye mafundo, kila mtoto akashika fundo lake wakienda na kurudi. Walimtafuta mtu wa pili wa kusimama nyuma. Kazi yenyewe ilidai watu wawili, lakini kila ilipoorodheshwa iliandikiwa mmoja.

Shida ya pili ilikuwa vifaa. Walimu walikusanya vizibo vya chupa, vigunzi vya mahindi, mawe madogo na vijiti. Walifinyanga wanyama kwa udongo, wakasuka mipira kwa majani ya migomba, wakaandika kwa mkaa juu ya vipande vya mbao. Kuhesabia maharagwe waliacha baada ya mtoto mmoja kujitia harage puani na kukimbizwa zahanati. Tunataja jambo hili dogo kwa sababu wageni waliotutembelea mara nyingi walisifu ubunifu wa walimu wetu. Ubunifu ulikuwapo kweli. Lakini mwalimu anayeokota vizibo jalalani baada ya kazi, huku chakula cha watoto wake mwenyewe hakijapikwa, angefurahi zaidi kupewa vifaa kuliko kupewa sifa.

Shida ya tatu ilikuwa hofu. Watoto walikuwa wameona mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona. Katika michezo yao walichimba makaburi madogo, wakazika vijiti. Ndege ilipopita baadhi walilala kifudifudi. Mtoto mmoja alikaa miezi mingi bila kusema neno. Mwalimu hakuwa amefunzwa lolote juu ya hayo, naye pia alikuwa amekimbia vita hivyo hivyo. Alichofanya mama yule ni kumketisha mtoto huyo karibu yake kila siku, kwenye mkeka ule ule, na kumpa kazi ya kugawa vizibo. Siku moja mtoto alimwambia mwenzake, "Hiki si chako." Walimu walitoka nje wakalia.

Lugha gani?

Suala la lugha lilitugawanya. Shule zetu za msingi zilifuata mpango wa Kongo, kwa sababu kila mtu aliamini kuwa tutarudi karibuni, na katika mpango huo Kifaransa ndicho mlango wa madarasa ya juu. Nyumbani mwetu watoto walisema Kibembe, Kifuliiru, Kivira au Kiswahili. Sokoni na kwa wenyeji walisikia Kiswahili cha Tanzania.

Wazazi walidai Kifaransa tangu siku ya kwanza. Walitaka kuona alama, daftari lililoandikwa, mtoto anayerudi nyumbani akisema "bonjour". Walimu walipinga, wakasema kwamba mtoto mdogo akinyimwa lugha anayoifahamu hunyamaza, na mtoto anayenyamaza hajifunzi. Kamati iliingia kati, na tunakiri kwamba tuliwaunga mkono wazazi. Kwa muda watoto wa miaka minne walikaa kimya wakinakili herufi za lugha wasiyoijua. Hudhurio lilipungua, kwani mtoto akikataa kwenda mzazi mwenye kazi nyingi hamlazimishi. Baadaye tuliwaachia walimu. Walirudia Kiswahili, wakichanganya na lugha za nyumbani pale mtoto alipokwama, na Kifaransa kikabaki katika nyimbo na salamu. Watoto walirudi.

Posho

Mkimbizi mwalimu hakuajiriwa kwa mshahara. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya 1998, iliyochukua nafasi ya ile iliyotangulia, ilimtaka mkimbizi awe na kibali ndipo afanye kazi ya mshahara, na mashirika yalitoa posho tu kwa wakimbizi waliojitolea. Posho hiyo ilikuwa ndogo kwa kila mwalimu. Kwa mwalimu wa watoto wadogo mara nyingi haikuwapo kabisa, au ilikuwa chini ya ile ya mwenzake wa shule ya msingi. Sababu tuliyopewa ilikuwa lile neno tulilolitaja hapo juu: hawa wanachunga tu.

Matokeo yake yalikuwa wazi. Wengi waliofanya kazi hii walikuwa akina mama, na kila mmoja alikuwa na mizigo mingine: kuni, maji, mgao, wagonjwa. Aliyepata nafasi ya ukalimani au ya ulinzi wa ghala aliondoka, na hatukuweza kumlaumu. Mwalimu mpya alikuja bila mafunzo, akajifunza kwa mwaka mmoja, naye akaondoka. Watoto, ambao walikuwa wamekwisha kupoteza watu wengi, walipoteza tena.

Uji

Wenye kazi ya lishe wataelewa haraka tunayosema hapa. Penye uji watoto walikuwapo. Uji wa unga wa lishe ulipokuja, hema lilijaa kabla ya saa mbili. Uliposimama, mahudhurio yalishuka wiki ile ile. Mwaka 2017, mgao wa chakula ulipopunguzwa katika makambi ya Tanzania, walimu walituambia kwamba watoto walisinzia mapema, michezo ya kukimbia ilifupishwa, na baadhi ya mama walikuja kuuliza kama mtoto anaweza kubaki hadi mchana ili asiulize chakula cha asubuhi. Hakuna mbinu ya kufundishia inayoweza kuchukua nafasi ya kikombe cha uji.

Kosa letu kubwa

Tulifikia hapa pagumu kwetu. Wananchi walipojitolea kufyatua matofali ya udongo, tulijenga chumba kimoja kwa ajili ya watoto wadogo, tukakiezeka. Walimu walipaka kuta kwa chokaa na udongo mwekundu, wakachora samaki na mtumbwi. Mwaka uliofuata darasa la sita lilikosa nafasi, na mtihani ulikuwa karibu. Kamati ilikutana. Tuliamua, bila kura kupingwa, kwamba watahiniwa wachukue chumba hicho na watoto warudi chini ya mti "kwa muda." Ilikuwa mwanzo wa masika. Mwalimu yule mama hakubishana. Aliuliza swali moja tu: "Hao wa darasa la sita mnaowahurumia leo, mnadhani walianza kuanguka lini?"

Hatukumjibu. Muda ule uligeuka miaka miwili. Wasaidizi wake wawili waliacha kazi, na mvua ilipofunga watoto walibaki nyumbani.

Jibu tulilipata polepole katika madaftari ya walimu wa darasa la kwanza. Watoto waliotoka chumbani mwa samaki na mtumbwi walikuwa wakikaa, wakisikiliza, wakijua rangi, wakihesabu hadi ishirini, na wakiweza kushika kalamu. Waliokuja baada yao, walioipitisha miaka ile nyumbani, walirudia darasa la kwanza kwa wingi, na wengine, hasa wasichana, waliacha masomo kabla ya darasa la tatu. Tulikuwa tumewasaidia watahiniwa wa mwaka mmoja kwa kuwapunguza watahiniwa wa miaka iliyofuata. Chumba kilirudishwa kwa watoto. Samaki walikuwa wamefutika, ikabidi wachorwe upya.

Kambi kujaa, dunia kubadilika

Mwaka 2009 kambi ya Lugufu ilifungwa na wengi wa waliokuwa huko wakahamishiwa Nyarugusu. Kuanzia Aprili 2015 ndugu zetu wa Burundi walianza kuingia kwa wingi, na Nyarugusu ikapita watu 150,000, kabla ya makambi ya Nduta na Mtendeli kufunguliwa tena. Shule zilitumika kwa zamu, asubuhi na alasiri. Mtoto mdogo hawezi zamu ya alasiri, kwa sababu saa nane yeye amelala. Kwa hiyo aliyebanwa kwanza alikuwa yeye. Wabembe na Warundi walijikuta na watoto wadogo wa jirani wanaocheza pamoja mchana kutwa lakini wanaoandaliwa kwa shule mbili tofauti. Walimu wa pande zote mbili walibadilishana nyimbo kabla viongozi hawajakaa kikao. Mwezi Machi 2020 shule za Tanzania zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na walimu wa wadogo, ambao hawakuwa na vitabu vya kuwapelekea watoto nyumbani, walipita mlango kwa mlango wakiwakumbusha mama kuimba na kusimulia.

Upande wa taratibu mambo yamesogea. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa 1990, ulianza kutumika Novemba 1999. Mwaka 2004 mashirika ya elimu katika dharura yalitoa viwango vyake vya chini kwa mara ya kwanza, baada ya miaka ambayo vitabu vya viwango vya misaada vilizungumzia maji, chakula, afya na makazi bila sura ya elimu. Malengo ya Maendeleo ya 2015 yanataja wazi malezi na elimu ya awali. Leo mtu akiuliza mtoto wa miaka minne ni wa ofisi gani, kuna karatasi za kumjibu. Swali lililobaki ni la fungu la fedha.

Tunayoomba na tunayoahidi

Kwa mashirika, tunaomba mambo manne. Kwanza, mwalimu wa watoto wadogo apate posho sawa na mwalimu wa msingi, na kila darasa liandikiwe watu wawili. Pili, mafunzo yawe ya mara kwa mara na yaguse pia mtoto mwenye hofu. Tatu, kikombe cha uji kisikatwe kwanza mgao unapopungua. Nne, madarasa yawe karibu na makazi, kwa maana mtoto wa miaka minne hatembei kilomita mbili na kurudi.

Kwa wazazi, tunaomba msidai daftari. Mwulizeni mtoto ameimba nini na amecheza na nani.

Na sisi wa Kamati tunaahidi kwamba chumba cha watoto hakitachukuliwa tena kwa kazi nyingine yoyote, iwe mtihani, ghala au mkutano wetu wenyewe. Ahadi hii tunaiandika hapa ili mtudai.

Mama yule amezeeka sasa. Miongoni mwa wanaofundisha watoto wadogo katika kijiji chetu yumo kijana wa kike aliyekuwa akishika fundo la kamba yake. Tulipomwomba atupe neno la toleo hili alisema kwamba walimu hawahitaji neno, wanahitaji mkeka mpya kabla ya masika. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mkeka tumeununua. Yaliyobaki tunayaweka mbele yenu.



Kamati ya Jumuiya